Chembe za Uzazi na Ujumbe Unaoziita

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Litumbandyosi, Wilaya ya Mbinga. Mazungumzo ya Ofisa Elimu.

Mlio na karatasi ya somo hili mikononi, ifuateni kwa kidole pole pole ninapozungumza, na asiye na karatasi akae karibu na mwenzake. Maneno mageni yapo, lakini si mengi, nami nitaeleza kila moja linapofika zamu yake.

Juma lililopita lilinifikia swali kutoka darasa la Litumbandyosi. Limeandikwa kwa penseli, na mwandikaji hakutia jina lake. Linasema: "Nimesikia ya kuwa wataalamu wanaweza kuchukua ngozi ya mtu wakaigeuza mbegu ya uzazi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mtu aliyekosa mtoto aende wapi?" Swali hili lina sehemu mbili, na sehemu ya pili ndiyo nzito. Lakini hatuwezi kuifikia ya pili bila kupita ya kwanza. Jibu fupi la sehemu ya kwanza ni hili: ni kweli, lakini wataalamu wamefika katikati ya safari tu. Jibu refu ndilo somo letu la leo.

Tuanze jikoni. Mama anapovuna mahindi hayatii yote ghalani. Huchagua yale yaliyojaa vizuri, akayafunga pamoja kwa maganda yake, akayatundika juu ya moto ili moshi uyalinde na wadudu. Mahindi mengine ni ugali, mengine ni ya kuuza, mengine ni pombe. Yale ya juu ya moto hayaguswi hata njaa ikibisha hodi, maana kuyala hayo ni kula shamba la mwakani.

Mwili wa mtu nao una ghala na una mbegu ya juu ya moto. Mwili umejengwa kwa vitu vidogo mno viitwavyo chembe hai, au kwa jina la kitaalamu seli. Hazionekani kwa macho matupu, ila kwa hadubini. Mtu mzima mmoja anakadiriwa kuwa na seli trilioni 30 na zaidi. Mkitaka kuiona hesabu hiyo, andikeni 3 katika daftari, kisha fuatisheni sifuri kumi na tatu. Karibu zote ni za matumizi: ngozi, damu, mfupa, ini. Mtu akifa nazo hufa. Kundi moja tu dogo limetengwa lisitumike kwa kazi nyingine yoyote, nalo ni la chembe za uzazi, yaani zile ambazo kwa mwanamke huwa mayai na kwa mwanamume huwa mbegu. Kila mmoja wetu ametoka katika chembe za namna hiyo, moja ya mama na moja ya baba.

Chembe hizi hutengwa lini? Wengi hudhani ni wakati wa kubalehe. Sivyo. Hata si wakati wa kuzaliwa. Hutengwa kama katika juma la tatu tangu yai kuungana na mbegu, wakati ambapo mama mwenyewe aghalabu hajajua kuwa ana mimba, na kiini cha mtoto hakizidi punje ya ulezi. Moyo haujaanza kupiga, wala hakuna mkono wala jicho. Mwili haujajengwa, na mbegu ya kizazi kitakachofuata imekwisha kuwekwa kando.

Kwa mtoto wa kike jambo hili lina ajabu yake. Kufika mwezi wa tano wa mimba, chembe za mayai ndani ya kile kitoto ambacho hakijazaliwa huwa zimeongezeka hata kufikia milioni 6 au 7. Kisha nyingi hufa, na anapozaliwa hubaki kama milioni moja au mbili. Maana yake ni hii: yai lililokuwa wewe lilianza kutengenezwa mama yako alipokuwa tumboni mwa bibi yako. Wewe mama uliyeketi hapo na karatasi hii, nusu yako ilipita katika mimba ya bibi yako. Someni tena sentensi hiyo kama mnataka. Mimi mwenyewe niliisoma mara tatu nilipoiona mara ya kwanza kitabuni.

Basi, nani huzichagua chembe hizi? Hapa ndipo penye kiini cha somo.

Siku tano au sita baada ya yai kuungana na mbegu, mimba ni kijidonge chenye chembe mia moja hadi mia mbili. Ndani yake mna kundi dogo la chembe ambazo hazijapewa kazi. Kila moja yaweza kuwa ngozi, au moyo, au ubongo. Huitwa seli shina, kwa kuwa matawi yote ya mwili hutoka kwao. Kila seli ina kitabu kizima cha maagizo ya mwili, kiitwacho DNA, na kila agizo moja katika kitabu hicho huitwa jeni. Seli ya ini na seli ya jicho zina kitabu kile kile, ila kila moja husoma kurasa zake na kuzifunga nyingine. Seli shina bado haijafunga kurasa nyingi. Inangoja kuambiwa.

Kwa wanyama, chembe za uzazi huchaguliwa kwa njia mbili. Kwa inzi na chura, mama huweka donge dogo la vitu maalumu upande mmoja wa yai, na chembe itakayoangukia upande huo ndiyo itakayokuwa ya uzazi. Ni kama urithi. Kwa panya, nguruwe, ng'ombe na binadamu, hakuna donge la namna hiyo. Chembe zote mwanzoni ni sawa, na kinachoamua ni ujumbe kutoka kwa majirani.

Tunajuaje? Mwaka 1996, huko Sydney, Australia, Patrick Tam na Sheila Zhou walichukua chembe kutoka katika kiini cha panya, zile za upande ambao kwa kawaida hutoa ubongo na mishipa ya fahamu. Wakazihamisha wakaziweka upande zinakotoka chembe za uzazi. Chembe zile zilizokuwa ziende kwenye ubongo ziligeuka kuwa za uzazi, kama zile za mahali pale. Kwa hiyo hazikuzaliwa na kazi yake. Zilipewa kazi na mahali zilipokaa.

Na mahali hutoaje kazi? Majirani hutoa vitu vidogo sana viitwavyo molekuli, navyo hutembea kutoka seli hadi seli kama matarishi wa ofisi wanaopeleka barua. Seli ipokeayo ina vipokezi juu ya ngozi yake, kama sanduku la barua mlangoni. Molekuli ikiingia katika kipokezi chake, habari hupelekwa ndani mpaka kwenye kile kitabu, na kurasa fulani hufunguliwa. Aliye karibu na mtumaji hupata barua nyingi, aliye mbali hupata chache au hapati kabisa. Tena upande wa pili wa kiini, ule utakaokuwa kichwa, hutoa molekuli nyingine za kuzuia barua zile zisifike. Ndiyo maana si chembe zote zinazoitika. Katika panya, kundi linaloanza ni la chembe 40 hivi tu.

Tarishi mkuu wa kazi hii anajulikana. Ni protini iitwayo BMP4. Mwaka 1999 Kirstie Lawson na wenzake walionyesha kuwa kiini cha panya kisicho na jeni ya BMP4 hakipati chembe ya uzazi hata moja. Herufi zile B, M na P zimetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya protini ya kuumba mfupa. Msishangae. Mwaka 1965 daktari wa upasuaji wa Marekani aitwaye Marshall Urist alichukua mfupa ulioondolewa chokaa yake, akauweka ndani ya msuli wa mnyama, na humo msulini ukaota mfupa mpya. Baadaye ikajulikana ya kuwa ndani ya mfupa ule mlikuwa na protini za jamii hii. Jina likabaki. Mimi naona jina hili linapotosha watu, maana jamii hii ya protini hufanya kazi nyingi nyingine mwilini.

Lakini hebu litazameni jambo hilo vizuri. Jamii ile ile ya ujumbe humwambia mmoja, "Kuwa mfupa," na humwambia mwingine, "Kuwa chembe ya uzazi." Yawezekanaje? Ninyi mlio katika darasa la kisomo mnaweza kulijibu jambo hili kuliko watu wengi. Barua moja ikifika mikononi mwa watu wawili, mmoja anajua kusoma na mwingine hajui, haifanyi kazi moja. Na hata wote wawili wakijua kusoma, mmoja akiwa mkulima na mwingine mvuvi wa Mbamba Bay, barua isemayo "mvua zimekaribia" itamfanya huyu anoe jembe na yule avute mtumbwi wake pwani. Ujumbe peke yake hautoshi. Sharti mpokeaji awe amekwisha kuwa tayari kuusoma kwa namna fulani.

Jambo hilo la utayari ndilo lililowashinda wataalamu kwa miaka mingi walipotaka kufanya kwa seli shina za binadamu yale waliyoyafanya kwa panya. Walimwaga BMP4 katika vyombo vya maabara, na seli chache mno zikageuka chembe za uzazi. Nyingine zilikuwa vitu vingine. Barua ilifika, ila wasomaji hawakuwa tayari.

Mmoja wa watu waliolifungua fundo hili ni mzaliwa wa Afrika ya Mashariki. Azim Surani alizaliwa Kisumu, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1945. Alikwenda kusoma Uingereza, akafika Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko mwalimu wake alikuwa Robert Edwards, yule ambaye kazi yake pamoja na Patrick Steptoe ilileta duniani mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo, Louise Brown, Julai 1978.

Mwaka 1984 Surani na wenzake walifanya jambo ambalo nataka mlikumbuke, kwa sababu nitalirudia. Walitengeneza viini vya panya vyenye vitabu viwili vya mama bila cha baba, na vingine vyenye viwili vya baba bila cha mama. Hakuna kilichozaliwa. Vile vya mama wawili vilikuwa na kondo la nyuma hafifu. Vile vya baba wawili vilikuwa na kondo nzuri lakini mtoto hafifu. Ikaonekana kuwa kitabu cha baba na cha mama vina alama zake, kana kwamba mmoja ametia wino mwekundu na mwingine wa buluu katika kurasa mbalimbali, na mtoto anazihitaji alama za wote wawili. Wataalamu wengine, McGrath na Solter, walipata matokeo kama hayo mwaka huo huo huko Marekani.

Miaka thelathini baadaye, Desemba 2014, kundi la Surani pamoja na kundi la Jacob Hanna wa Israeli walitangaza kuwa wamefaulu kupata chembe changa za uzazi kutoka katika seli shina za binadamu, tena nyingi. Mwandikaji wa kwanza wa taarifa hiyo ni mwanamke, Naoko Irie. Siri yao ilikuwa nini? Kabla ya kuzipa seli BMP, walizilea kwanza katika maji ya lishe ya namna ya pekee yaliyozitayarisha. Mwaka 2015 kundi la Mitinori Saitou wa Kyoto, Japani, ambaye zamani alifanya kazi kwa Surani, lilitangaza njia yake lenyewe: kwanza siku mbili hivi za ujumbe wa kuandaa, kisha BMP4 pamoja na molekuli nyingine za kuzitia seli nguvu zisife. Katika muda wa siku nne au tano chembe za uzazi zilionekana chomboni.

Mwenye kitalu cha kahawa hataona ajabu. Mche ukihamishwa kabla ya majani kutosha hufa, ukichelewa mizizi hujikunja. Kuna kipindi kifupi cha katikati ambacho mche uko tayari. Seli shina ya binadamu nayo ina kipindi chake. BMP ikija mapema haisomwi, ikija baada ya kipindi hicho seli imekwisha kushika njia nyingine.

Kitu kingine kilichogunduliwa Cambridge kiliwashangaza hata wenye kazi yao. Katika binadamu, jeni inayowashwa kwanza ujumbe unapopokelewa huitwa SOX17. Kwa panya jeni hiyo haina kazi hiyo. Ilijulikana zaidi kwa kujenga matumbo. Kwa binadamu, bila SOX17 chembe ya uzazi haitokei. Ikiisha kuwaka, nayo huamsha nyingine iitwayo BLIMP1, ambayo kazi yake kubwa ni kukataza. Huifungia seli milango ya kando isije ikawa utumbo au kitu kingine cha mwili. Kwa hiyo kuchaguliwa kuwa mbegu ni kuamriwa na pia ni kukatazwa, sawa na yale mahindi ya juu ya moto ambayo hayakutundikwa tu, bali yamekatazwa kuliwa.

Kwa nini hawakutazama tu kiini cha binadamu chenyewe? Kwanza, hakuna mama anayejua siku hiyo. Pili, katika Uingereza sheria ya mwaka 1990 hairuhusu kulea kiini cha binadamu maabarani kupita siku 14, na nchi nyingine nyingi zimeshika mpaka huo huo. Chembe za uzazi huanza pale pale mpakani au baada yake. Basi ilibidi watafute mwalimu mwingine, na mwalimu huyo alikuwa nguruwe. Kiini cha panya kina umbo la kikombe, lakini cha nguruwe ni bapa kama sahani, kama cha binadamu. Mwaka 2017 kundi la Surani na la Ramiro Alberio wa Nottingham walieleza kuwa katika nguruwe mambo hufuatana vile vile: SOX17 kwanza, kisha BLIMP1. Ninyi mnaofuga nguruwe mnajua alivyo mnyama wa faida. Sasa muongezeeni faida hii.

Wako pia waliotazama nyani wadogo huko Japani. Mwaka 2016 walisema ya kuwa kwa wanyama hao chembe za uzazi za kwanza huonekana katika utando wa chupa ya uzazi, ile ambayo hupasuka maji yakatoka mama anapojifungua. Kama ni hivyo kwa binadamu, ni jambo linalobishaniwa hata leo.

Sasa turudi kwenye ngozi iliyotajwa katika swali. Mwaka 2006 Mjapani mwingine, Shinya Yamanaka, alionyesha kuwa seli ya kawaida ya mwili wa panya ikiongezewa jeni nne tu hurudi kuwa kama seli shina. Mwaka 2007 ikafanyika kwa ngozi ya binadamu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Kwa hiyo ngozi yaweza kuwa seli shina, na seli shina yaweza kuwa chembe changa ya uzazi. Huo ndio ukweli wa habari mliyoisikia.

Lakini chembe changa ya uzazi si yai, wala si mbegu ya kiume. Bado ina safari. Katika mwili, chembe hizi hutoka zilikozaliwa, hupita kandokando ya utumbo unaojengwa, zikafika mahali patakapokuwa vifuko vya mayai au korodani. Njiani huongozwa na molekuli nyingine za majirani, na zinazopotea njia nyingi hufa. Tena zinaposafiri hufanya kazi moja kubwa: hufuta alama. Mnakumbuka wino mwekundu na wa buluu? Chembe ya uzazi ya mwanamke ilipokea kitabu chenye alama za baba yake na za mama yake. Yai lake sharti liwe na alama za kike tupu. Basi chembe hufuta kwanza alama zote za zamani, kama mwalimu afutavyo ubao mwisho wa kipindi, kisha huandika upya. Kosa dogo katika kufuta huku laweza kumdhuru mtoto atakayezaliwa. Hili ndilo linalonifanya mimi niwaunge mkono wataalamu wasio na haraka.

Mwaka 2018 kundi la Kyoto lilizilea chembe hizo za binadamu pamoja na chembe za kifuko cha mayai cha panya kwa miezi minne hivi, zikaanza kufuta alama na kufikia hatua ya kwanza kuelekea yai. Mwaka 2024 kundi hilo hilo likaeleza ya kuwa kinachosukuma ufutaji ni nini: ni BMP tena. Tarishi yule yule, amerudi mlangoni na barua ya pili. Nao wakaweza kuzizidisha chembe hizo kwa wingi mno. Lakini hatua ya kugawa kitabu nusu kwa nusu, ili nusu ya mama ipate nafasi ya nusu ya baba, bado haijakamilika kwa chembe zilizotoka kwa seli shina za binadamu.

Kwa panya wamefika mwisho. Katsuhiko Hayashi na Saitou walipata watoto wa panya kwa mbegu zilizoanzia katika seli shina mwaka 2011, na kwa mayai mwaka 2012. Na hapa Afrika ya Mashariki kuna wanaoingoja elimu hii kwa hamu. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, wamekuwa wakilindwa kwa bunduki usiku na mchana faru weupe wa kaskazini wawili, Najin na binti yake Fatu. Dume la mwisho, Sudan, alikufa huko Machi 19, 2018. Faru wawili wa kike hawawezi kuongeza kizazi. Desemba 2022 kundi la Hayashi wa Osaka lilitangaza kuwa limepata chembe changa za uzazi kutokana na seli za Nabire, faru wa jamii hiyo aliyekufa mwaka 2015 katika Jamhuri ya Czech. Walitumia BMP4, na SOX17 ikawa ndiyo yenye kazi, kama kwa binadamu. Mnyama amekufa miaka saba, na ujumbe umesomwa katika seli zake.

Sasa sehemu ya pili ya swali. Mtu aliyekosa mtoto aende wapi?

Niseme kwanza asikokwenda. Hakuna mtoto wa binadamu hata mmoja duniani aliyezaliwa kwa yai au mbegu iliyotengenezwa kutokana na seli shina. Kwa hiyo akija mtu kijijini, au akitangaza kwa simu, akisema anauza dawa, maji au sindano ya seli shina ya kuleta uzazi, huyo anauza kitu ambacho Cambridge na Kyoto hawana. Mtu ameuza magunia yake ya kahawa kwa ajili ya mtoto. Ni vibaya yakaishia katika mfuko wa huyo.

Pili, niseme juu ya lawama. Nimezunguka vijiji vingi kwa kazi hii, na nimesikia mwanamke akiitwa tasa kabla mumewe hajapimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa katika kila watu wazima 6 duniani, mmoja hupatwa na ugumu wa kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Mara nyingi kasoro iko kwa mwanamume, mara nyingi iko kwa mwanamke, na mara nyingine kwa wote wawili. Mlivyosikia, chembe zenyewe hutengwa kabla mtu hajawa na mikono. Aliyezaliwa na chembe chache za uzazi hakuzifukuza kwa mwenendo wake, na hakuna mganga anayeweza kumtaja jirani aliyezifunga.

Basi waende hospitali, na waende wawili. Kama wamekaa mwaka mzima pamoja bila kuzuia mimba na mimba haijaingia, wasingoje mwaka wa tano. Kama mama amepita miaka 35, miezi sita yatosha. Magonjwa kama kisonono na klamidia yasipotibiwa mapema huziba mirija ya mwanamke, na kwa mwanamume huweza kuziba njia ya mbegu. Lakini yakigunduliwa mapema dawa zake zipo na ni za kawaida. Mimba ya kutungwa nje ya tumbo, ile iliyoanza mwaka 1978, hufanywa katika hospitali chache za Afrika ya Mashariki kwa gharama kubwa, nayo hutumia mayai na mbegu za watu wenyewe, si za kutengenezwa.

Nanyi wazee wangu wa kiume, kipimo cha mbegu za mwanamume hakina kisu wala sindano. Kitu kile hutiwa katika kichupa, huwekwa chini ya hadubini, na mpimaji huhesabu mbegu na kutazama zinavyoogelea. Cheti cha majibu huandikwa kwa maneno machache na tarakimu. Mnaweza kukisoma wenyewe.

Kwa herini mpaka juma lijalo, saa ile ile.